Nilitambaa kwa Ajili ya Ngumi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.



Amma baad. Ndugu mhariri aliniomba niandike nasaha kuhusu swala ya Alfajiri. Nadhani alinichagua kwa sababu nasoma masomo ya Kiislamu, na wenzangu hosteli wamezoea kuniita "Sheikh" hata pale ninapostahili kuitwa jina jingine. Nilitaka kukataa. Nilipofikiria sana nikaona siwezi kusema lolote la kweli kuhusu Alfajiri bila kuanza na Alfajiri moja niliyoipoteza mimi mwenyewe.

Najua dini yetu haituruhusu kuanika madhambi ambayo Mwenyezi Mungu ameyasitiri. Mtume (s.a.w.) aliwaonya wale wanaolala na siri zao zimefunikwa, kisha asubuhi wakazifunua wenyewe. Lakini kosa hili halikuwa siri. Wapo wanaosoma makala hii ambao siku ile walisimama nje ya mlango uliofungwa. Ninachofanya leo ni kuwaeleza kwa nini ulifungwa.

Usiku wa Riyadh

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 18 Mei 2024. Mjini Riyadh, Tyson Fury wa Uingereza na Oleksandr Usyk wa Ukraine walikuwa wanapambana kuwania mikanda yote minne ya ngumi za uzito wa juu. Tangu Lennox Lewis mwaka 1999, hakuwa amepatikana bingwa mmoja asiyepingwa katika uzito huo. Pambano lilikuwa limepangwa Februari, likaahirishwa baada ya Fury kuchanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Kwa hiyo sisi wapenzi wa ngumi tulikuwa tumengoja, tukaongezewa kungoja.

Nilianza kujiandaa tangu Jumatatu. Siku mbili sikula chakula cha mchana ili nipate nauli na kiingilio. Siku yenyewe nililala baada ya Adhuhuri kwa makusudi ili usiku nisisinzie. Jioni nilikula kidogo, kwa kuwa ninajijua, nikishiba nalala. Niliweka kengele kwenye simu ili usingizi wa mchana usinipitilize. Nilimwambia pia mwenzangu wa chumbani aniamshe kama sitasikia. Kila kitu kilikuwa na mpango wake.

Geti la hosteli yetu hufungwa saa nne usiku, na pambano kubwa lilikuwa halitarajiwi kabla ya saa saba. Riyadh na sisi hapa Uganda saa zetu ni zile zile. Njia iliyobaki ilikuwa nyuma ya jiko, pale mtaro wa maji unapopita chini ya uzio wa seng'enge. Mvua ilikuwa imenyesha jioni. Nililala kifudifudi kwenye matope nikaanza kutambaa. Shati lilinasa mgongoni likachanika. Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa msalla wa hosteli, na kila nilipojisukuma mbele ulinichoma pajani.

Niueleze huo ufunguo. Jumuiya yetu ina zamu ya kufungua msalla na kuadhini Alfajiri. Wiki ile zamu ilikuwa yangu.

Nilipanda bodaboda hadi mjini. Kibanda kilikuwa kimejaa mpaka watu wamekaa kwenye kreti za soda. Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000. Mwenye kibanda alikuwa ameunganisha intaneti na skrini kubwa, na kila picha ilipokwama watu walipiga kelele kama waliofiwa. Nyuma yangu vijana walikuwa wanawekeana pesa nani ataanguka na katika raundi ya ngapi. Mimi sikuweka, nikajiona mchamungu. Ndivyo shetani anavyofanya kazi, anakuachia dhambi moja usiyoifanya ili ujipongeze nayo.

Katika raundi ya tisa Usyk alimpiga Fury mpaka miguu ikamlegea. Alisukwasukwa kwenye kamba kama mlevi, mwamuzi akamhesabia. Kibanda kizima kilisimama. Nilijisikia nikipiga kelele, "Mmalize! Mmalize!" Nilikuwa nimeswali Isha kwa jamaa saa chache tu nyuma, na sasa nilikuwa namtaka mtu nisiyemjua amvunje mtu mwingine nisiyemjua.

Majaji wawili walimpa Usyk, mmoja akampa Fury. Tukatoka. Pesa ya bodaboda ilikuwa imekwisha, nikatembea. Nikatambaa tena chini ya uzio. Nilipoketi kitandani ilikuwa imepita saa tisa usiku. Simu ilikuwa imezima, kwa sababu niliitumia kama tochi njia nzima. Nikaiweka kwenye chaji bila kuiwasha, nikajiambia, "Acha nijilaze kidogo, Alfajiri iko karibu."

Niliamka saa mbili na nusu. Jua lilikuwa usoni mwangu.

Mlango uliofungwa

Walikuja ndugu sita. Walinipigia simu, haikupatikana. Walingoja, kisha mmoja akaadhini barazani na wakaswali juu ya saruji yenye unyevu. Mwenyezi Mungu awalipe. Walinisamehe siku ile ile, na mmoja wao alidhani naumwa, akaniletea uji.

Lakini kabla ya hao sita alikuja mtu mwingine.

Kulikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza ambaye alikuwa haswali. Simtaji jina, na wanaomjua wamsitiri. Nilikuwa nimezungumza naye karibu mwezi mzima, polepole, bila kumhubiria. Ijumaa ile aliniambia mwenyewe, "Kaka, nataka nijaribu Alfajiri. Lakini naona haya kuingia watu wakiwa wameshajaa." Nikamwambia, "Jumapili njoo mapema, kabla ya adhana. Utanikuta mlangoni. Tutatawadha pamoja."

Alikuja. Mlinzi ndiye aliyeniambia baadaye. Alifika gizani kabla ya mtu yeyote, akajaribu kitasa, akasimama kidogo, akajaribu tena, akarudi chumbani kwake. Wale sita walipofika hawakumkuta.

Nilimfuata mchana kumwomba radhi. Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Alicheka akasema, "Usijali, kaka. Nilijua tu kwamba hata nyinyi mnalala."

Hata nyinyi mnalala. Ndugu zangu, nimesikia mawaidha mengi, lakini hakuna lililonipiga kama maneno hayo, na aliyeyasema hakuwa na nia ya kunipiga.

Hadithi ya kutambaa

Siku mbili baadaye tulikuwa darasani, somo la hadithi. Mwalimu hakujua lolote lililonitokea. Tulifika kwenye hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo wengi wetu tumeisikia tangu madrasa. Maana yake ni kwamba swala zilizo nzito zaidi kwa wanafiki ni Isha na Alfajiri, na lau watu wangejua yaliyomo ndani yake wangeziendea hata kwa kutambaa.

Hata kwa kutambaa. Nilikaa pale nikiliangalia goti langu. Lilikuwa bado na kidonda cha seng'enge.

Mwalimu akaendelea na riwaya nyingine iliyoko kwa Bukhari, ambayo sikuwahi kuitilia maanani. Ndani yake Mtume (s.a.w.) anasema kwamba lau mmoja wa wale wanaokosa jamaa angejua atapata mfupa wenye nyama nono au kwato mbili nzuri, angehudhuria Isha. Tazama alivyozijua nafsi zetu. Hakusema kwamba watu hawawezi kuja. Miguu inaweza, macho yanaweza, usingizi unaweza kushindwa, ila kinachohitajika ni nyama. Kila zama ina nyama yake. Ya kwangu ilikuwa raundi kumi na mbili za ngumi. Ya mwingine ni Ligi ya Mabingwa inayokwisha saa sita usiku. Ya dada yangu mmoja ni tamthilia ya Kituruki anayoitazama ndani ya shuka mpaka saa nane, na kila sehemu ikiisha anasema ni ya mwisho.

Jioni ile nilifungua kitabu cha Imam Ghazali, Ihya Ulumid-Din, mahali anapozungumzia yanayomsaidia mtu kuamka kwa ajili ya kisimamo cha usiku. Anataja asile sana, asijichoshe mchana kwa kazi zisizo na maana, asiache usingizi mfupi wa mchana, na asifanye madhambi mchana yakaufanya moyo kuwa mgumu. Nikahesabu. Chakula kidogo nilikula. Sikujichosha. Usingizi wa mchana nililala. Juu yake nilikuwa na kengele na mwenza wa kuniamsha. Nilikuwa nimetekeleza karibu mlango mzima wa Ghazali, kwa ajili ya Fury na Usyk.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Kwa miaka nimesema, na najua na wewe umesema, "Mimi Alfajiri inanishinda. Usingizi wangu ni mzito. Mwili wangu hauwezi." Usiku ule mwili wangu ulitoa ushahidi dhidi yangu. Uliacha kula, ukakesha, ukapita kwenye matope na seng'enge, ukatembea kutoka mjini usiku wa manane. Msalla uko hatua arobaini kutoka kitandani kwangu. Nimezihesabu. Tangu siku ile siwezi tena kusema kwamba siwezi. Naweza kusema tu kwamba sikutaka kiasi cha kutosha, na hilo ni jibu gumu kulipeleka mbele ya Mwenyezi Mungu.

Je, mwenye kulala ana kosa?

Ndugu mmoja aliposikia nikijilaumu alinijia kwa hoja. Alisema, "Sheikh, usijitese. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipitiwa na usingizi safarini mpaka jua likachomoza. Na amesema hakuna uzembe katika usingizi." Yote mawili ni kweli, na yako katika Sahihi ya Muslim. Lakini tuyasome vizuri.

Katika safari ya kurudi kutoka Khaybar, Mtume (s.a.w.) na masahaba walipiga kambi usiku wakiwa wamechoka. Kabla ya kulala, Mtume alimweka Bilal (r.a.) akeshe awaangalizie alfajiri. Bilal aliswali alichoweza, kisha akaegemea mnyama wake akielekea upande linakochomoza jua. Aliketi huku macho yake yanaitafuta alfajiri, na usingizi ukamshinda akiwa hapo. Waliamka jua limewachoma, wakaondoka mahali pale, wakatawadha, ikaadhiniwa na wakaswali.

Angalia tofauti. Wao walichoka katika safari ya utiifu, wakaweka mlinzi, na mlinzi mwenyewe alilala akiwa ameelekea alfajiri. Mimi nilichoka kwa kupenda, sikuweka mlinzi, na uso wangu ulikuwa umeelekea Riyadh. Usingizi wenyewe hauna dhambi, kwa kuwa aliyelala kalamu imeinuliwa juu yake. Lakini saa sita za macho zilizotangulia usingizi ule kalamu ilikuwa inaandika. Ndiyo maana imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanachuoni wameeleza kwamba miongoni mwa sababu ni kuchelea kupitwa na Alfajiri, na wakatoa nje ya hukumu hiyo yale yenye manufaa kama kusoma elimu, kuzungumza na mgeni au na ahali wako. Kwa hiyo wewe unayekesha ukijiandaa na mtihani huna sawa na aliyekesha kibandani, ila na wewe jiwekee Bilal wako.

Na pambano lenyewe?

Wapo watakaouliza, je, kosa langu lilikuwa ni kukosa swala tu, au hata kile nilichokifuata? Nitasema kwa ufupi yale niliyofundishwa.

Uislamu haukatazi nguvu. Muumini mwenye nguvu anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, ingawa wote wana kheri. Kuna mapokezi kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mieleka na Rukana akamwangusha, pamoja na kuwa wanachuoni wamezungumzia sanadi yake. Lakini Mtume alikataza kupiga uso, hata katika ugomvi wa kweli. Na ngumi za kulipwa uso ndio shabaha yake.

Mwezi wa Safar mwaka 1408 Hijria, yaani Oktoba 1987, Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka katika kikao chake cha kumi liliamua kwamba ngumi za namna hiyo ni haramu, kwa kuwa zimejengwa juu ya kuruhusu kila mmoja amdhuru mwenzake madhara yanayoweza kufika kwenye upofu, kuharibika ubongo au kifo. Liliamua pia kwamba zisioneshwe kwenye televisheni ili vijana wasiige. Mtu ataniambia, "Mbona pambano lile lilifanyika Riyadh, nchi ile ile ya Makka?" Ndiyo, na mwezi wenyewe ulikuwa Dhul-Qaada, mmoja wa miezi minne mitukufu, mahujaji wakiwa wameanza safari. Halali na haramu hazipimwi kwa mji wala kwa mwenye tiketi. Tungepima hivyo, hata mimi ningekuwa hoja, "Mbona Sheikh alikuwepo kibandani?"

Mtume (s.a.w.) alitupa maana nyingine ya mwenye nguvu. Alisema si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Nami naongeza kwa kukiri kwangu, na wakati wa usingizi.

Redio ya Uvira

Nilipoona nimelemewa nilimpigia simu babu yangu. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, na babu bado yuko huko. Mapenzi ya ngumi niliyarithi kwake. Alinilea kwa hadithi za pambano la Muhammad Ali na George Foreman la Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974.

Mnajua habari zake. Nalo liliahirishwa, kutoka Septemba, kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini. Likapangwa saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa ili Wamarekani walitazame usiku wao. Ali alikuwa na miaka 32, Foreman 25, na wengi walidhani mzee ataumizwa. Ali akaegemea kamba, akamwacha kijana ampige mpaka achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Uwanja ukiimba "Ali boma ye", yaani Ali muue.

Lakini safari hii babu alinisimulia jambo ambalo sikuwahi kuliuliza. Uvira iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, kwa hiyo kwao ilikuwa saa kumi na moja, na mwezi wa Oktoba alfajiri ya huko huwa imeshaingia. Mtaani kwao redio nzuri ilikuwa moja, ya fundi cherehani. Vijana walianza kukusanyika kwake usiku. Fundi akawaambia redio yake haitawashwa mpaka imamu atoe salamu. Wakanung'unika, lakini redio ilikuwa yake. Wakaenda msikitini wote, hata wale ambao si wazoefu. Babu anasema hajawahi kuona safu za Alfajiri ndefu kama zile, na imamu alipotoa salamu aligeuka akashangaa. Kisha wakakimbia kwa fundi. Mpaka Foreman anaanguka, jua lilikuwa linataka kutoka.

"Sisi," babu aliniambia, "tulizisikia ngumi tukiwa na udhu."

Sijui hukumu ya fundi yule ingekuwaje mbele ya Baraza la Fiqhi. Lakini alilifahamu jambo ambalo mimi, mwenye daftari tano za fiqhi, sikulifahamu. Aliweka swala mbele na mapenzi yake nyuma, na akatumia mapenzi ya vijana kuwaleta kwenye swala.

Babu aliniambia pia kwamba walimpenda Ali kwa sababu ya mwaka 1967 kuliko 1974. Alipokataa kwenda vita vya Vietnam kwa ajili ya imani yake walimnyang'anya mkanda, na zaidi ya miaka mitatu ya nguvu zake hakupanda ulingoni. "Yeye aliacha ngumi kwa ajili ya dini," babu akasema, "wewe umeacha swala kwa ajili ya ngumi za watu wengine."

Kisha akauliza, "Na ule ufunguo?"

Nikamwambia nimeurudisha kwa amiri wa jumuiya, kwa sababu sistahili.

"Kwa nini urudishe? Hiyo ni kukimbia. Nenda kauombe tena."

Niliona haya, lakini nilikwenda. Amiri aliniangalia, akafungua droo, akanipa zamu ambayo hakuna anayeitaka, wiki ya mitihani.

Tufanye nini

Ndugu yangu msomaji, sina dawa ya ajabu. Nina yale niliyojifunza kutokana na usiku ule, na nayafanya hadi leo.

Jiandae na Alfajiri kama unavyojiandaa na mechi. Ukiwa na mechi saa saba unaanza kuifikiria tangu asubuhi. Ianze Alfajiri tangu Alasiri. Jiulize utalala saa ngapi, simu itakuwa na chaji, itawekwa mbali na kitanda ili usimame kuizima? Usile ukavimbiwa usiku. Baada ya Isha, kama hakuna elimu wala haja, zima skrini.

Tafuta Bilal wako. Mwenzako wa chumbani ambaye ungemwomba akuamshe kwa ajili ya mpira, mwombe akuamshe kwa ajili ya swala. Mimi na mwenzangu tumekubaliana kwamba anayeamka kwanza ana haki ya kumvua mwenzake blanketi, na hakuna kugombana.

Ukipitiwa, usivunjike moyo ukaacha na nyingine. Ukiamka swali hapo hapo, usingoje Adhuhuri, kisha tubu na utafute ilipotoka. Shetani hufurahi mara moja unapolala, na hufurahi zaidi unapokata tamaa. Kumbuka tuliyofundishwa, kwamba anafunga mafundo matatu kwenye kisogo cha mwenye kulala. Ukimtaja Mwenyezi Mungu linafunguka moja, ukitawadha la pili, ukiswali la tatu, na unaamka mchangamfu. Ukiyaacha unaamka mzito na mvivu. Jumapili ile nilikuwa mzito siku nzima, nikadhani ni uchovu wa kibandani.

Na kama umepewa ufunguo, uwe wa msalla, wa uongozi wa jumuiya, au umempa mtu ahadi tu kwamba utamkuta mahali, jua kwamba swala yako si yako peke yako. Kuna mtu anayeipima dini kwa mlango wako, na anaweza kuja siku moja tu.

Yule kijana tunasalimiana vizuri. Siku nyingine anakuja Alfajiri, siku nyingine haji, na mimi sina uso wa kumuuliza kwa nini. Ninachoweza ni kuwa mlangoni. Katika wiki ile ya mitihani nilifungua siku zote saba. Siku ya tano nilisikia viatu gizani, kabla ya adhana. Hakusema kitu. Alivua viatu akanipita kwenda kutawadha, nami nikamfuata.

Ewe Mola wetu, Wewe unajua udhaifu wetu na unajua kile tunachokesha kwa ajili yake. Tupe mapenzi ya kusimama mbele Yako kuliko mapenzi ya kila kinachotukesha. Wasamehe waliokuja wakakuta tumefunga, na utusamehe sisi tuliofunga. Usitujaalie kuwa sababu ya mtu kurudi nyuma kutoka kwenye nyumba Yako. Wape afya na mwisho mwema wazee wetu waliotutangulia katika kheri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Aamin. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.